Nishikie Mkoba

Kwanza ijulikane kwamba Bi Stoo hakuupenda mji, na mji nao haukumwomba aupende. Alishuka kwenye basi Jumamosi asubuhi, akatazama kulia, akatazama kushoto, akajiambia kwamba kelele zote zile alizosimuliwa kumbe ni za watu kuuziana chaja za simu. Majengo aliyosifiwa aliyaona marefu kweli, ila madirisha yake yalikuwa na vumbi la tangu enzi na enzi. Mtu aliyejenga ghorofa akashindwa kufuta dirisha, kwa Bi Stoo, huyo hajajenga kitu.

Jina hilo alipewa na makondakta wa stendi ya kwao, alikotunza mizigo ya abiria katika chumba cha mabati chenye rafu za mbao na dirisha pana la kupokelea. Ukiweka mzigo, anakupa kibati chenye namba; kibati pacha chake anakifunga kwa kamba kwenye mzigo wenyewe. Ukirudi na kibati, unachukua chako unakwenda zako. Ukirudi bila kibati, hata ulie, hata utaje vyeo vya baba yako, hupati kitu mpaka yeye mwenyewe akutambue kwa sura kuwa ndiye uliyeuweka. Alikuwa na sheria nyingine mbili, na hizo hakuzibandika ukutani kwa sababu zilikuwa zake mwenyewe: mzigo wa mtu haufunguliwi, na anayeupokea haondoki kabla mwenyewe hajarudi. Kuna fundi mmoja aliwahi kumwachia cherehani, akapotelea huko alikopotelea, akarudi ameoa na ana mtoto mgongoni mwa mkewe. Alikuta cherehani yake pale pale, imefunikwa shuka safi. Bi Stoo alimpa, akamkaripia, na hakusema neno jingine.

Safari hii alikuwa na kazi moja tu. Binti wa kaka yake, ambaye yeye ndiye aliyemlea, alikuwa amechumbiwa na karani wa kampuni ya bima huko mjini, na wazee wa mwanamume walitaka kuja nyumbani kuomba rasmi. Ukoo ulikaa kikao, ukabishana mpaka chai ikapoa, mwishowe ukakata shauri: aende Bi Stoo akamtazame huyo kijana, na neno atakalorudi nalo ndilo litakalokuwa. Jumapili jioni kaka yake angekuwa stendi anamngoja, na angemuuliza swali moja, naye angejibu ndiyo au hapana.

Walimchagua kwa sababu iliaminika stendi nzima kwamba anamjua mtu kwa mzigo wake. Mwenyewe alijua huo ni upuuzi mtupu. Alishawahi kupokea begi lililojaa vitabu vya dini kutoka kwa mwizi, na gunia la vitunguu lililooza kutoka kwa mtu mwema kuliko wote aliowahi kuwaona. Lakini aliwaacha waamini, maana watu wakikuogopa kidogo hawakusumbui kwa maswali.

Binti mwenyewe alipompigia simu alisema maneno machache. "Njoo umwone wewe, Shangazi. Mimi nimemtazama mpaka sioni tena."

Maneno hayo yalimkaa Bi Stoo rohoni njia nzima. Binti huyu hakuwa mtu wa kutoona. Kazi yake ilikuwa kutengeneza meno ya bandia katika kliniki, na mtu anayechonga jino lilingane na jirani yake ana macho. Plasta nyeupe haikumtoka chini ya kucha hata akiwa ameoga. Alikulia ndani ya stoo ile, akilala mchana juu ya magunia, na mkabala na stoo palikuwa na duka la kanda za muziki. Kila akitoka shule na kukuta duka linapiga, alikuwa anatupa mfuko wake wa madaftari juu ya dirisha, anasema, "Shangazi, nishikie," na kabla hujajibu keshafika katikati ya uwanja, anacheza. Abiria walikuwa wanaachwa na mabasi wakimtazama.

Sasa alikuwa na miaka thelathini na moja, anaishi katika mji wenye bendi kila mtaa, na katika mwaka mzima wa uchumba hakuwa amecheza hata mara moja. Bi Stoo alikuja kulijua hilo baadaye.

Mchumba alikuja na binti kumpokea stendi. Alikuwa kijana nadhifu, shati limenyooshwa mpaka mikunjo inakata, na begi lake la mgongoni alikuwa amelivaa kifuani. Zipu yake ilifungwa kwa kufuli dogo la shaba. Bi Stoo aliliona lile kufuli kabla ya kuuona uso wa mwenyewe, na tusimsingizie, alilipenda. Kwa miaka yote aliyokaa dirishani aliona watu wakikabidhi mabegi yaliyo wazi kama midomo ya wapumbavu. Hapa sasa palikuwa na mtu mwenye akili.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Tusisimame sana hapa. Hapa lazima tuwe makini."

Akautwaa mzigo wa Bi Stoo, akatazama nyuma, akatazama pembeni, ndipo wakaanza kwenda. Kufika saa sita alikuwa ameshasema neno hilo mara nyingi kiasi kwamba Bi Stoo alimbatiza Makini, kimoyomoyo, na jina likamkaa kuliko alilopewa na wazazi.

Wakati wa kula ulipofika walipita mtaa mmoja ambao pande zote mbili walikuwa wanachoma nyama na kuku mbele ya wateja. Mwanamke mmoja aligeuza mapaja ya kuku kwa mkono mtupu, kana kwamba moto ulikuwa ndugu yake. Watu walikaa kwenye mabenchi, midomo inameremeta mafuta, wanacheka. Bi Stoo alimeza mate. Makini aliwavusha barabara, leso puani.

Aliwapeleka mahali pa vioo. Humo baridi ilipulizwa kutoka ukutani na chakula kilikaa ndani ya vijisanduku vya plastiki, kila kijisanduku na tarehe yake. Makini alisoma tarehe. Alifuta uma kwa karatasi yenye dawa, akafuta na za wenzake, akaipindua chupa ya maji juu chini kuona kama inavuja. Kuku wa humo alikuwa amekufa zamani na kusahauliwa. Bi Stoo alimtafuna kwa heshima ya mwenyeji.

"Kile cha barabarani kiliwahi kukuumiza tumbo?" aliuliza.

"Hapana, Shangazi. Sijawahi kukila."

"Na kuibiwa je, umewahi kuibiwa?"

"Hapana. Kwa sababu niko makini."

Binti alikata kuku wake vipande vidogo, akavikata tena vidogo zaidi, asile hata kimoja. Bi Stoo alimwona, akajitia hamnazo. Kichwani mwake alikuwa anapiga hesabu ya aina nyingine. Wanaume wa ukoo wao aliwajua: mmoja alikunywa shamba la mkewe likaisha, mwingine alimsahau mtoto mnadani. Huyu angalau hasahau kitu. Ni baridi kidogo, ni kweli, lakini mtu haolewi ili aote moto. Kufika saa tisa alasiri, jibu la Bi Stoo lilikuwa ndiyo, na alianza kujisikia vizuri kama mtu aliyemaliza kazi mapema.

Hapo ndipo binti alipoleta habari ya muziki.

"Shangazi hajawahi kuiona bendi ikipiga," alisema. "Ni redioni tu. Leo wapo pale ukumbini, wanaanza jioni."

Makini alitoa sababu za kutokwenda, na alikuwa nazo nyingi. Watu ni wengi. Watu hawajulikani. Jana yake mwenzake wa ofisini alisikia kwamba jirani wa mtu fulani alichomolewa simu. Lakini Bi Stoo alikohoa, na mbele ya mkwe mtarajiwa kikohozi cha shangazi ni amri, basi akakubali kwa masharti. Watakaa karibu na mlango. Watakunywa kinachofunguliwa mbele ya macho yao, na glasi ukiiacha peke yake, huirudii. Simu hazitawekwa mezani. Hawatazungumza na mtu. Saa tatu kamili dereva anayemjua atakuwa nje, nao watatoka.

Bi Stoo aliyasikiliza yote, na kwa haki hakuona kosa kubwa. Glasi uliyoiacha si yako tena. Hilo hata yeye angelisema. Dereva unayemjua ni bora kuliko usiyemjua. Aliona tu ajabu kwamba mtu anaweza kupanga starehe nzima bila kuitaja starehe yenyewe.

Ukumbi ulikuwa na dari fupi, kuta nyekundu, viti vya plastiki, na sakafu ya saruji iliyosuguliwa na nyayo mpaka ikang'aa. Bi Stoo aliingia akiwa amejiandaa kudharau, na mwanzoni hakukosa vya kudharau. Mwimbaji alichelewa. Alipofika, suruali ilimbana mpaka ukamwonea huruma. Mpiga saksafoni alivaa miwani ya jua humo ndani, gizani, sijui alikuwa anamkwepa nani. Ndipo magita yakaanza, moja likiuliza na jingine likijibu, na mguu wa kulia wa Bi Stoo ukaanza kutikisika wenyewe chini ya meza. Aliukanyaga kwa wa kushoto. Haikupita dakika na wa kushoto ukaanza.

Meza ya jirani walikaa wasichana, na mmoja wao, mwenye gauni la njano, alikuwa anavutwa na dadaye aende kucheza. Hakutaka kuacha mkoba wake. Alitazama ukumbi mzima, macho yakatua kwa Bi Stoo, mama mtu mzima aliyekaa wima, mikono juu ya meza kama yuko dirishani pake. Akaja moja kwa moja.

"Shikamoo, mama. Samahani. Naomba unishikie mkoba, wimbo mmoja tu."

Mtu mwingine angeuliza wewe ni nani. Mtu mwingine angesema sikujui, nenda zako. Bi Stoo alikuwa ameshaupokea kabla akili haijafika. Mikono yake ilifunguka kwa mazoea ya miaka yote ile, ikautwaa, ikauweka mapajani. Hata mkono wa kulia ulienda kiunoni kutafuta kibati. Hakuwa nacho. Akaokota kifuniko cha soda yake juu ya meza, akampa.

"Shika hiki. Ukirudi nacho, utapata mkoba wako."

Msichana alicheka, akakificha ndani ya gauni, akaingia katikati ya watu.

Makini alikuwa amebadilika rangi. "Shangazi, unamjua yule?"

"Simjui."

"Basi uweke chini."

"Nimeshaupokea."

"Hujui kuna nini humo."

"Sihitaji kujua. Haufunguliwi."

Wimbo mmoja, kumbe, ulikuwa mrefu, na ulipokwisha haukwisha, uliunganishwa na mwingine. Gauni la njano lilionekana, likapotea. Mama wa meza ya nyuma aliyeona mambo yanavyokwenda alikuja na mtandio wake, akafuata mwingine na viatu vyake vya visigino, na Bi Stoo akamwomba mhudumu vifuniko zaidi. Kila mmoja alipewa chake. Mezani palianza kufanana na stoo, na Bi Stoo, kwa mara ya kwanza tangu ashuke kwenye basi, alijua yuko wapi.

Saa tatu ikafika. Makini akasimama.

"Gari lipo nje. Twendeni."

"Nenda kamwite mwenye mkoba, tutaondoka," Bi Stoo alisema.

Makini alitazama watu wanaocheza, akakaza mikanda ya begi lake. "Huko katikati wanasukumana."

"Niende mimi," binti alisema.

"Wewe ndiyo kabisa usiende." Akainama, akashusha sauti. "Shangazi, nisikilize. Wakija polisi sasa hivi, wakakuta humo ndani kuna kitu, tutasema nini? Sisi ni watu watatu meza moja. Tutachukuliwa wote."

"Basi tutachukuliwa."

Hapo Makini alifanya jambo ambalo Bi Stoo angelisimulia stendi mpaka anastaafu. Alichukua kiti chake, akakihamisha. Hakwenda mbali. Alikwenda meza ya pili, ile tupu iliyoegemea ukuta, akakaa na begi kifuani, akatazama mbele kama mtu anayesubiri basi lake na ambaye hajawahi kuwaona wale wanawake wawili.

Binti alimgeukia. Ilibidi apaze sauti kwa sababu ya ngoma. "Umehama?"

"Nimesogea tu. Ni kwa usalama."

"Usalama wa nani?"

Makini alilifikiria swali hilo, na lazima tumpe haki yake, alilifikiria kweli. "Kikitokea kitu," alisema, "lazima abaki mmoja wa kushughulikia."

Bi Stoo aliwahi kuona wanaume wakikimbia. Aliona mmoja akimwacha mama yake ndani ya basi lililoanza kutoa moshi, akaruka kupitia dirishani. Yule alikuwa na haya, alirudi analia. Huyu alikuwa ametoroka kwa umbali wa kiti kimoja, kwa utaratibu, na alikuwa na sababu yake imenyooshwa kama shati lake. Alilikumbuka lile kufuli la shaba alilolipenda asubuhi, na akajichukia kwa kulipenda. Kufuli lilikuwa upande wa Makini mwenyewe siku zote. Halikuwahi kumlinda mtu mwingine.

Baada ya muda mfupi Makini alisimama tena, akaja hadi hatua chache kutoka mezani, si karibu zaidi. "Nitakuwa garini. Milango tutakuwa tumeifunga. Mkiwa tayari nipigieni, dereva atasogea." Akatoka.

Binti alibaki ameukodolea mlango macho. Bi Stoo alitaka kusema kitu, na alikuwa na vya kusema vya kutosha kujaza basi, lakini aliuona uso wa mwanawe akanyamaza. Ulikuwa uso wa mtu anayesoma kibao kwa mbali, na herufi ndiyo kwanza zinakaa sawa. Bendi ilimaliza, ikapumua, magita yakaanza upya, polepole. Binti alichukua simu yake akaitia mkobani. Akafunga zipu. Akavua viatu, akavisukuma chini ya kiti, na mkoba akauweka juu ya meza mbele ya mlezi wake.

"Shangazi, nishikie."

Bi Stoo alikuwa hajayasikia maneno hayo tangu enzi za madaftari. Alipapasa meza, vifuniko vilikuwa vimekwisha. Akainama, akaokota kimoja sakafuni, akakifuta kwa kanga yake vizuri kabisa, akampa. Binti alikifumbata, akaenda.

Alicheza. Mwanzoni alicheza kama mtu anayeomba ruhusa, mabega yamejikunja, kisha mwili ukakumbuka. Bi Stoo alisimama nusu ili aone vizuri. Aliona pia kwamba huko katikati hapakuwa kama Makini alivyopaeleza. Wanawake walikuwa wamefanya duara bila kuambizana. Mlevi mmoja alijisogeza, mkono mbele, akamkaribia binti; yule wa mtandio na yule wa visigino wakajikuta wako katikati yao, bila kukosa hatua hata moja, na mlevi akajikuta anacheza na nguzo. Hakuna aliyemtukana. Bi Stoo akacheka kwa sauti, na kama mtu angemuuliza kama anaufurahia mji angekana.

Gauni la njano lilirejea, limelowa jasho, kifuniko mkononi. Bi Stoo alikikagua kwa mzaha, akatoa mkoba.

"Hukagui?" alimuuliza.

"Nikague nini tena, mama?" Msichana alimnunulia soda. Bi Stoo akamwambia mhudumu aifungulie pale pale mbele ya macho yake, maana sharti lile lilikuwa jema hata kama aliyelitoa alikuwa amejifungia garini. "Nyinyi mnalala wapi?" msichana aliuliza, na alipojibiwa akasema, "Ni njia yetu. Tutaondoka pamoja, gari la kaka yangu ni kubwa."

Kwa hiyo mkoba wa mgeni ulikuwa umekwenda, na kama kilichomzuia Bi Stoo ni huo tu, angeweza kunyanyuka. Hakunyanyuka. Mkoba wa binti ulikuwa mapajani mwake na umeanza kutetemeka. Ulitetemeka, ukanyamaza. Ukatetemeka tena. Bi Stoo alijua vizuri sana nani anapiga. Aliuwekea mikono juu, yote miwili, akaendelea kutazama bendi.

Mwisho Makini akaja mwenyewe. Aliinama mlangoni kwanza, akachungulia, akajongea mpaka mezani.

"Shangazi, nampigia hapokei."

"Anacheza."

Makini alitazama. Alimtazama mchumba wake akicheza, na usoni pake hapakuwa na wivu wala furaha, palikuwa na ile sura aliyosomea tarehe za vijisanduku. "Nipe mkoba wake," alisema.

"Wa nini?"

"Niupeleke garini. Akiona haupo, atatoka. Tutaondoka bila fujo."

Alinyoosha mkono. Ulikuwa mkono safi, kucha zimekatwa, na hakuuona ubaya wowote wa jambo analotaka. Bi Stoo aliuangalia ule mkono kwa muda. Dirishani kwake ilikuja mikono ya kila namna, na mingi ilikuwa michafu kuliko huu.

"Una kifuniko?"

"Kifuniko gani?"

"Kila aliyeweka mzigo hapa nimempa kifuniko. Wewe unacho?"

"Shangazi, mimi ni mchumba wake."

"Nimesikia, baba. Lakini huu mzigo hukuuweka wewe."

Makini hakuwa mjinga, karani wa bima anajua dai lililokataliwa. "Nyumbani wanangoja neno lako," alisema polepole.

"Najua."

"Nilidhani umenipenda."

"Nilikupenda," Bi Stoo alisema, na lilikuwa la kweli, na lilimuuma kulisema. "Tangu asubuhi mpaka ulipohamisha kiti."

Makini akapapasa kufuli lake kuona kama limefungwa, akatazama kushoto, akatazama kulia, akatoka.

Bendi iliposimama kupumzika, binti alirudi anahema, nywele zimemshika usoni, na vumbi la saruji limefunika miguu yake. Alijitupa kitini. Alikunywa soda ya shangazi yake mpaka chupa ikalia.

"Alikuja," alisema. Hakuwa anauliza.

"Alikuja. Aliutaka mkoba wako."

"Ukampa?"

"Hakuwa na kifuniko."

Binti alianza kucheka, na katikati ya kicheko machozi yakamtoka, akayaacha yatoke, akayafuta kwa kiganja kilekile kilichofumbata kifuniko. "Na kesho, baba akikuuliza, utamjibu nini?"

"Hilohilo. Nitamwambia aliutaka mzigo ambao hakuuweka." Akamtazama. "Ila ukiniambia nimekosea, nitasema vingine. Ni wako. Mimi nashika tu."

Binti aliweka kifuniko juu ya meza, kwa utaratibu wote, kama abiria, na Bi Stoo akamkabidhi mkoba. Aliupokea. Ulitetemeka mikononi mwake, mara moja, mara mbili. Aliusikiliza mpaka ukanyamaza. Jukwaani mpiga gita alikuwa ameshakaa na anajaribu nyuzi.

Akauweka tena mapajani mwa shangazi yake, akachukua kifuniko, akaondoka nacho.